Mbarika Uliofunga Saumu

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimekuwa mwalimu. Cheti sina, lakini cheti ni karatasi, na karatasi inaungua. Kichwa changu hakiungui.

Ticha Waveney amekwenda kujifungua. Shangazi Drupattie, mkuu wa chekechea yetu na mwenye nyumba ninamolala, ameniachia somo la sikukuu mpaka Pasaka. Watoto ishirini na mmoja. Wahindu, Waislamu, Wakristo, na mmoja ambaye baba yake anasema wao dini yao ni kriketi. Kila mtoto ajue sikukuu za mwenzake, ndivyo anavyotaka Shangazi, ili wakikua wasigombane. Ticha Shabnam anafundisha Ramadhani. Mimi nimepewa Phagwah, sikukuu ya rangi ya Wahindu, na Pasaka. Yeye moja, mimi mbili. Mwenye macho ataona nani anaaminiwa.

Sharti ni moja. Mzazi akija kulalamika, au nikiharibu kitu, baada ya Pasaka nahamia kwa Mjomba Boodram kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mjomba huamka saa tisa usiku. Mimi si mvivu. Ni kwamba mwili wangu na alfajiri hawajawahi kuelewana. Nikifika Pasaka salama, Shangazi ataandika barua niwe msaidizi wa kudumu. Kengele ya kwanza saa mbili na nusu. Kazi ya mtu mwenye akili.

Nimewasimulia watoto habari za Holika, dada wa mfalme, aliyempakata mtoto wa kaka yake akaingia naye motoni ili mtoto aungue. Mtoto akatoka salama, yeye akawa majivu. Kwa hiyo mkesha wa Phagwah tunawasha moto. Kezia Braithwaite, miaka mitano, meno mawili ya mbele hana, akauliza Holika alikuwa nani kwa yule mtoto. Shangazi yake, nikamjibu. Akauliza kwa nini shangazi amchome mtoto. Nikasema mashangazi ndivyo walivyo.

Shangazi alikuwa mlangoni. Milango ya shule hii haigongi wala hailii. Ni hatari.

Mambo mengine. Mchana nimetumwa kufyeka uwanja ulio kati ya shule na hekalu, watoto wapate pa kujaribia tiara zao za kurusha Pasaka. Katikati ya uwanja huo ulikuwa umesimama mbarika, mti ule wa mafuta ya nyonyo ambayo Shangazi alininywesha kila likizo kunisafisha tumbo. Watoto waliupanda na Pandit Jagmohan, kuhani wa hekalu, tangu Februari. Kila mwaka hupandwa siku arobaini kabla, kuni zinapangwa kuuzunguka, kisha unaungua pamoja nazo. Mbarika wa kijiji kizima. Darasani kuna karatasi ya vyumba arobaini, kimoja kwa kila siku, na Kezia ndiye mshika kalamu ya rangi. Leo kapaka cha thelathini na nne.

Ticha Shabnam alikuwa barazani. Nikaona nimwonyeshe namna mwanamume anavyoshika mashine ya nyasi kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Mashine ilikuwa inautazama mbarika.

Siku thelathini na nne! Umekwenda kwa pumzi moja. Vipande nimevitupa mferejini. Nimechoka, na ndiyo siku ya kwanza.

Jumanne, 19 Machi

Mbarika ni gugu. Unaota hata kwenye nyufa za choo. Usipoutaka uko kila mahali; leo nimeutaka mmoja, hakuna. Katapila la mifereji lilipita wiki jana likakomba kingo zote. Nimetembea mpaka kwenye mlango wa maji na kurudi. Nimeona mbuzi kumi na wanne na viatu vitatu, vyote vya kushoto.

Pamebaki mahali pamoja. Nyuma ya nyumba ya mama yake Shabnam kuna miche, maana mama hufunga majani yake kwenye magoti. Nikaenda. Nikasema nina rafiki yangu anahitaji mche mmoja, mkubwa kidogo, na jambo lenyewe ni la siri.

Shabnam akasema mche upo, ataung'oa na udongo wake sasa hivi, kwa sharti kwamba rafiki yangu kwanza aende kwa Pandit na kwa Shangazi akawaambie aliukata ule mwingine. Nikasema rafiki yangu hajakata kitu. Akasema, "Mwambie huyo rafiki yako, Bwana Mkubwa, kwamba mimi nilikuwa barazani."

Mtu mwenye heshima zake hawezi kukubali sharti kama hilo. Nikaaga.

Akili haikosi njia. Shangazi, ambaye ni Mlutheri tangu aolewe, alikuwa kwenye sala za Kwaresima. Nyuma ya jiko lake kuna mihogo sita, anaitunza kwa ajili ya keki ya muhogo ya Pasaka kanisani. Jani la muhogo lina vidole. Jani la mbarika lina vidole. Nikahesabu: saba, saba. Nikang'oa mmoja mrefu na mizizi yake yote, minene minne, kwa sababu shina lisilo na mizizi lingenyauka na kunisaliti. Nikaupeleka uwanjani, nikauzika pale pale. Si chini sana. Jua lilikuwa kali.

Ukifumba jicho moja ni mbarika. Ukifumba yote mawili ni msitu wa mbarika.

Jumatano, 20 Machi

Watoto wamekwenda kuumwagilia. Ishirini hawakuona kitu. Kezia aliona.

Alisimama kichwa upande. Akasema juzi shina lilikuwa jekundu na nono. Leo ni la kijivu na jembamba. Tena majani yamelala. Ticha, mti unaumwa?

Macho arobaini na mawili yananitazama. Mwingine angeanguka. Mimi nikasema hauumwi, unafunga. Kama Ticha Shabnam. Ni mti mwema, unashiriki na wenzake. Mtu akifunga si anapungua?

Nilijipenda sana saa ile. Sikukuu mbili ndani ya jibu moja! Ticha Waveney na vyeti vyake vyote asingeliweza.

Kezia akauliza utafuturu lini. Nikasema Jumapili, saa moja jioni. Akakitazama kile kimti kwa huruma, akamwaga maji kando, mbali na mizizi, ili asiuharibie saumu.

Jioni vijana wa hekaluni wameleta kuni: mbao, makuti, kiti kisicho na miguu. Wamezipanga zikalifunika shina lote. Yanaonekana majani ya juu tu. Nalala saa mbili kama mfalme.

Alhamisi, 21 Machi

Sikulala vya kutosha. Saa mbili asubuhi Bibi Braithwaite yuko getini, mwavuli mkono mmoja, Kezia mkono mwingine.

Mtoto hajala tangu jana mchana. Chai hataki. Mkate hataki. Anasema anafunga na mti mpaka Jumapili. Bibi akasema kwa sauti ambayo walioko ng'ambo ya mfereji waliisikia kwamba mjukuu wake ni Mwanglikana, na mwembamba amekwisha kuwa, hana cha kupunguza.

Mzazi getini! Ofisi ya Shangazi iko hatua kumi kutoka hapo, na dirisha wazi. Nikamwambia bibi kwa upole, karibu na sikio, kwamba mambo ya saumu ni somo la Ticha Shabnam. Si uongo. Ni kweli iliyokatwa fupi.

Bibi akaenda kwa Shabnam. Nilitegemea vita. Shabnam akachuchumaa mbele ya Kezia, akamwambia wadogo hawafungi, wadogo kazi yao ni kula ili wakubwa wapate wa kuwatazama na kusubiri. Kezia akafikiri. Akala roti mbili hapo hapo, akaomba ya tatu. Bibi akamshukuru Shabnam kwa mikono miwili. Alipopita kwangu akanitazama. "Kijana, una uso wa mtu aliyeficha kitu mgongoni." Nikageuka nikamwonyesha mgongo. Hapakuwa na kitu.

Shabnam akajua nimemtupia mzigo. Hakugomba. Akasema mche bado upo, mpaka Jumamosi. Nikamwambia sihitaji, mti wangu unaendelea vizuri. Akasema mti wangu kila akiutazama anasikia njaa, na ndiyo kwanza saa nne asubuhi.

Watu wanaofunga wana maneno makali.

Ijumaa, 22 Machi

Shangazi ameona shimo.

Akaniita nyuma ya jiko. Ilikuwa sita, sasa mitano, akataka nieleze. Nikasema panya buku. Akauliza panya gani anang'oa muhogo na shina lake na majani yake, asiache hata kijani kimoja. Nikasema mkubwa. Akauliza na alama ya kandambili kwenye udongo ni ya panya? Nikasema panya wa siku hizi hawatabiriki.

Akaingia ndani, akatoka na mtego wa chuma wa marehemu mumewe. Nitege, nichunge mihogo iliyobaki, na panya akipatikana nimletee amwone sura.

Nimeshinda jioni nzima namtegea mnyama ambaye ni mimi.

Jumamosi, 23 Machi

Mtego umenasa. Umenasa kandambili. Mguu ulikuwa ndani.

Pandit Jagmohan amekuja kukagua kuni. Akavuta jani moja la juu, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema labda macho yake yanataka daktari. Nikamshauri aende mapema, macho hayana spea. Akaniuliza mguu umefanya nini. Nikasema kriketi.

Jumapili, 24 Machi

Kabla hata ya jua kuzama uwanja umejaa. Ngoma, matoazi, wazee wanaimba nyimbo za Phagwah mpaka mishipa ya shingo inasimama. Darasa langu lote limekuja, na bibi zao. Shangazi naye, katika gauni lake la kijani. Nilikuwa nimetulia. Baada ya moto hakuna ushahidi. Hilo hata Holika angelikuambia.

Kezia alishika tende moja mkononi, kapewa na Shabnam. Saa moja ilipofika akairusha katikati ya kuni, mti ufuturu. Pandit akaomba, akazunguka, akawasha. Moto ukapanda juu ya paa. Majani yangu yakajikunja na kuisha. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nusu saa ilipita vizuri sana.

Kisha harufu. Mwanzo kidogo. Halafu nzito, tamu, ya jikoni. Mzee mmoja akaacha kuimba katikati ya mstari, akainua pua. Akauliza nani anachoma muhogo. Mwingine akasema hata yeye anausikia. Mama mmoja akasema unatoka huku, mwingine akasema hapana, unatoka kule kwenye moto wenyewe. Watu mia mbili wananusa! Shabnam, aliyekuwa amefuturu kwa maji tu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Mimi niliimba. Niliimba kwa sauti kuliko wote. Niliimba mistari ambayo haipo.

Jumatatu, 25 Machi. Phagwah

Nilipanga kuamka mgonjwa. Shangazi alinivuta shuka.

Asubuhi ya Phagwah watu huenda kuchukua majivu wajipake kwenye paji la uso. Pandit akaingia katikati na fimbo, akachokoa majivu yapoe. Fimbo ikagonga kitu. Akakitoa. Cheusi nje, kirefu kama mkono wangu. Kikapasuka, ndani cheupe, moshi unatoka. Akachokoa tena. Vinne.

Hata ngoma zilinyamaza, na ngoma za hapa Corentyne huwa hazinyamazi hata kwenye mazishi.

Shangazi akasogea mbele. Akainama. Akasema, "Huo ni muhogo wangu. Muhogo wangu naujua hata ukivuliwa nguo." Kisha akaanza kutafuta uso kati ya watu. Nilikuwa nyuma ya toroli. Nilijifanya natazama gurudumu.

Hapo ndipo Kezia akapiga kelele kwa furaha, meno yaliyobaki yote nje. "Umefuturu! Mti umefuturu, na umetubakizia futari!"

Pandit ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka majivuni. Basi wote. Mtu akaleta siagi, mwingine akaleta achari ya embe, muhogo ukamegwa ukazunguka, na watoto wa dini zote walikula pamoja wakiwa wamechafuka majivu kama mapaka ya jikoni. Shabnam kipande chake alikifunga kwenye karatasi, cha jioni. Ukitazama vizuri, hilo ndilo somo lenyewe, na aliyelifundisha ni nani?

Hakuna aliyeniuliza hivyo. Pandit aliniuliza nani aliukata mbarika. Nikasema upepo. Shabnam alikohoa. Nikasema upepo wa mashine. Baada ya hapo watoto walinimwagia maji ya rangi nyekundu ndoo nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilishukuru kumwagiwa maji. Usoni hapakuonekana kitu.

Jumanne, 26 Machi

Darasani Kezia ameitazama karatasi ya vyumba arobaini. Thelathini na tisa vina rangi. Kile cha mwisho hakukipaka. Alikuja karibu na meza yangu, akauliza polepole, wenzake wasisikie. Ule mti waliokula ulikuwa muhogo, bibi amemwambia. Sasa mbarika wao uko wapi?

Jibu nilikuwa nalo. Siku zote ninalo. Nikaanza kupanga chaki badala yake.

Akarudi akakaa. Kalamu kaitia mfukoni.

Mchana hukumu. Shangazi alikuwa amekwisha kumpigia simu Mjomba Boodram. Nimemtia aibu mbele ya hekalu, na keki ya Walutheri itakuwa ndogo, na amemtegea mtego mtoto wa kaka yake mwenyewe. Hilo la mwisho lilionekana kumpendeza kidogo. Lakini Pandit alikuja kuniombea. Alisema kijana aliyekata mti apande mti, asipelekwe mbali na shimo lake. Shangazi akafikiri sana, huku akinitazama mguu.

Amenipa mpaka Jumatatu ya Pasaka. Nipande mbarika wa kweli kando ya ukuta wa shule, kwa mikono yangu, watoto waukute wakirudi kutoka likizo. Ukiwa hai, barua ataandika. Usipokuwa hai, au ukiwa si mbarika, saa tisa usiku Mjomba atapiga honi mlangoni.

Shabnam akanifuata getini. Mche uko kwenye kopo, mlangoni kwa mama yake, tayari. Masharti yamekwisha. Niende tu, nimsalimie mama, niseme naomba.

Kwa hiyo nimeokoka. Wiki nzima kwa kazi ya dakika tano! Nitapumzika kwanza.

Jumatatu, 1 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Kijiji kizima kiko kwenye ukuta wa bahari na tiara zao. Chelewa, karatasi, na mkia wa matambara, angani zinavuma kama nyuki. Mimi mkono mmoja nina jembe. Shangazi atapita hapa saa kumi na moja akitoka huko.

Nilikuwa nakwenda kwa mama yake Shabnam. Kweli kabisa. Viatu nilivaa. Lakini fikiria jua la saa nane. Nyumba tatu, na daraja. Na yule mama si mtu wa kusalimia ukaondoka. Atauliza habari za muhogo, atawaita na majirani wasikie. Na niseme naomba, Shabnam akiwa barazani tena. Mwanamume ana mipaka yake.

Nilipogeuka nyuma ya jiko ndipo nilipouona. Mpapai mchanga, umeota wenyewe, mbegu nilitema mimi mwaka jana. Kwa hiyo ni mali yangu, hakuna wa kuniita panya. Nimehesabu vidole vya jani. Saba. Mzizi mdogo, hauna cha kuchomeka wala kunukia. Makosa ya mara ya kwanza yalikuwa mizizi tu.

Nimeupanda kwa dakika kumi. Umesimama vizuri kuliko hata mbarika.

Kezia ametokea kwenye uzio na tiara yake kwapani. Amekuja kuuona mti. Ameutazama, kichwa upande, muda mrefu. Akasema huu nao haufanani na ule. Nikamwambia leo Pasaka, mti umefufuka. Akauliza waliofufuka hubadilika sura? Nikasema kidogo.

Akatoa kalamu ya rangi mfukoni. Akaitazama, akautazama mti, akanitazama mimi. Akairudisha mfukoni, akaondoka kwenda ukutani kwa bibi yake, bila haraka.

Mjomba Boodram amepita na lori. Ameuliza kwa heshima zote napenda niamshwe kwa honi moja au mbili. Nimemwambia asisumbuke, atalala mwenyewe na honi yake.

Majani saba, vidole saba. Nani atajua?